Chuma Kilikatwa Wapi?

Leza tunayo. Tusidanganyane kwamba ni teknolojia ya sinema au ya nchi za mbali. Pita mtaa wowote wa nyumba mpya, Nairobi, Meru, hata Isiolo, uangalie mageti. Maua, simba, ngamia, jina la familia: vyote vimetobolewa kwenye bamba la chuma kwa ukingo safi ambao fundi mwenye grinda hawezi kuutoa hata akishinda nao kutwa. Mengine yamekatwa kwa plazma, mengine kwa leza, na kama umewahi kujenga, bei unaijua.

Sasa toka kwenye geti uende darajani. Uliza boriti za chuma zinazobeba lori la ng'ombe juu ya mto zilikatwa wapi. Uliza nani alitoboa matundu ya boliti, na kwa mashine gani. Jibu mara nyingi litakuwa jina la nchi ya kigeni, na baada ya hapo kimya.

Huo ndio ugomvi wangu. Nchi inayokata maua kwa mwanga kwenye mageti ya wenye nazo, inapokea mifupa ya madaraja yake ikiwa imeshakatwa, imeshatobolewa na imeshapakwa rangi. Sisi tunabakiziwa kukaza nati na kupiga makofi. Na hakuna mahali jambo hili linauma kama Isiolo, mji ulioahidiwa kila kitu.

Mji wa kupitiwa

Tarehe 2 Machi 2012, Mwai Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir walisimama Lamu wakazindua LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta kutoka baharini hadi Ethiopia na Sudan Kusini. Ukiangalia ramani ya mradi ule, mistari inatoka Lamu, inafika Isiolo, halafu inagawanyika. Isiolo ilikuwa kiungo chenyewe. Tukaambiwa kutakuwa na uwanja wa ndege, mji wa kitalii, reli.

Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Uwanja wa ndege wa Isiolo upo. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, ipo, na sitaidharau hata kidogo. Waulize madereva wa malori walioijua barabara hiyo kabla ya lami. Safari ambayo sasa ni ya siku moja ilikuwa ya siku kadhaa, na ilikuwa lazima kusubiri msafara wa askari kwenye kizuizi. Wazee wa huku walikuwa wakielekea Nairobi wanasema wanaenda Kenya, na hawakuwa wanatania.

Lakini reli haijafika. Na hata ikifika kesho, swali langu litabaki palepale, kwa sababu mradi wenyewe unaitwa ushoroba. Ushoroba ni korido. Ndani ya nyumba, nani anaishi kwenye korido? Watu hupita tu. Treila zinapita na mabomba, zinapita na nguzo, zinapita na boriti zilizofungwa minyororo, kila boriti na namba yake iliyopigwa rangi kwenye kiwanda ambacho kijana wa Bulapesa hatakiona maishani. Mji unaopitiwa na chuma cha watu unaokota nini? Kuuza chai na kuziba pancha.

Wapo watakaosema huo ndio uchumi, kiwanda huenda penye soko. Hiyo hoja naijua, ina umri kuliko wengi wetu tunaosoma hapa. Iliandikwa na serikali yenyewe kwenye Waraka Nambari 10 wa 1965, ule wa ujamaa wa Kiafrika: pesa za maendeleo ziende kwanza kule ambako tayari kuna ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme, maana huko ndiko zitazaa haraka. Kaskazini haikuwa na vitu hivyo, kwa hiyo ikanyimwa pesa. Kwa kuwa ilinyimwa pesa, haikuvipata vitu hivyo. Miaka inakwenda, na leo mtu aliyevaa suti anakwambia Isiolo haina soko la chuma, kana kwamba soko huanguka kutoka mbinguni pamoja na mvua.

Kabla ya hapa tulikuwa wapi

Tabia ya kupokea daraja likiwa limeshakatwa si ya jana. Reli ya Uganda ilipokuwa ikivuka mabonde kuelekea Ziwa Victoria, mwaka 1901, madaraja marefu 27 yalinunuliwa kutoka kampuni ya American Bridge ya Marekani. Vyuma vilikatwa huko, vikatobolewa huko, vikapakiwa melini hadi Mombasa, vikaunganishwa porini kama vitu vya kuchezea vya mtoto. Waingereza walinung'unika wee, kwa nini kazi ya koloni lao wapewe Wamarekani. Hoja ya kumpa Mwafrika wala haikuwa mezani.

Mkoloni alikuwa na sababu yake. Hakutaka tujue. Sisi tumekuwa huru tangu 1963, tuna bodi ya wahandisi, tuna shirika la viwango, tuna mamlaka tatu za barabara. Sababu yetu ni ipi?

Na usiniambie haiwezekani. Reli ya SGR ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Nairobi, mkandarasi Mchina hakubeba boriti za zege kutoka Beijing. Alijenga yadi hapa nchini, akazimwaga hapa, kwa sababu zege ni zito na kulisafirisha ni hasara. Yaani mahesabu yakimlazimisha, kiwanda kinakuja. Kwenye chuma mahesabu hayamlazimishi, kwa sababu chuma husafiri vizuri. Basi ni sheria ndiyo ya kumlazimisha.

Leza inafanya nini hasa

Tuielewe hii mashine kabla ya kuipigania. Leza ya kwanza iliwaka 1960, mikononi mwa Theodore Maiman, Marekani. Mwaka 1967, Peter Houldcroft, Mwingereza, alipuliza oksijeni pamoja na mwale wa leza, akakata bati la chuma la unene wa milimita moja. Mwale unayeyusha, gesi inasukuma kile kilichoyeyuka kitoke upande wa pili. Kanuni hiyo haijabadilika. Kilichobadilika ni nguvu. Leo mwale hutengenezwa ndani ya nyuzi za kioo zilizotiwa chembe za madini adimu, na mashine za kilowati 10, 20, hadi 30 zinauzwa kama zinavyouzwa matrekta.

Kwenye boriti, kazi inakwenda hivi. Boriti ya mita 12 inalazwa kwenye magurudumu. Mashine inaipima kwanza, kwa sababu hakuna boriti inayotoka kiwandani ikiwa imenyooka kama rula. Kila moja ina kajipindo kake. Kompyuta inasahihisha mchoro ufuate boriti iliyopo, si ile ya kwenye karatasi. Halafu kichwa cha leza kinazunguka: kinakata ncha, kinatoboa matundu, kinachonga ukingo wa mshazari wa kuchomelea, kinaandika namba ya kipande. Dakika chache.

Kwa njia ya zamani, fundi anapima kwa futi, anachora kwa chaki, anapiga alama kwa nyundo, anakata kwa mtungi wa gesi, anasafisha kwa grinda, anatoboa kwa drili nzito yenye sumaku. Saa nyingi, na kila hatua ina nafasi ya mkono kuteleza.

Kuteleza kiasi gani? Boliti ya milimita 24 huingia kwenye tundu la milimita 26. Una milimita mbili za kucheza nazo. Sasa weka matundu 60 kwenye kiungo kimoja, upande mmoja umetobolewa na huyu na mwingine na yule. Tundu moja likikaa vibaya kwa milimita tatu, boliti haingii. Uko kwenye laga huko njia ya Merti, jua kali, kreni inalipiwa kwa siku, bosi anapiga simu. Fundi anafanya nini? Anawasha gesi analipanua tundu.

Tundu lile lililochomwa halitaleta balaa kesho. Daraja litazinduliwa vizuri, watu watapiga selfi. Lakini chuma huchoka. Kila lori likipita kinanyooka na kurudi, mara elfu, mara milioni, na ufa huanzia pale ukingo ulipo mbovu. Ndiyo maana usahihi wa kukata daraja ni suala la uhai, tofauti na usahihi wa kukata ua kwenye geti. Simba wa kwenye geti akikatwa mkia, geti bado linafunga.

Lakini leza si malaika

Nisije nikawauzia ndoto. Tayari tuna wanasiasa wa kutosha kwa kazi hiyo.

Joto la leza ni dogo kuliko la gesi, ila lipo, na linaacha ukingo mgumu, mwembamba, unaoweza kupasuka. Ndiyo maana kanuni za madaraja hazimwamini mtu kirahisi. Kiwango cha Ulaya cha EN 1090 kinadai njia ya ukataji ithibitishwe kwa majaribio na ugumu wa ukingo upimwe, na sehemu nyingi matundu muhimu bado hutobolewa kwa drili au husafishwa baada ya kukatwa. Ukikata kwa oksijeni, ukingo unabaki na ganda ambalo rangi haishiki, lazima lisuguliwe. Ukitumia naitrojeni ukingo unatoka safi, lakini gesi inakula pesa.

Umeme nao. Leza ya kilowati 20 hunyonya zaidi ya kilowati 50 ukijumlisha mtambo wa kuipoza na kompresa. Hiyo ni fezi tatu, na umeme usiokatika kila mawingu yakijikusanya. Halafu macho. Mwale huu hauonekani kabisa, na ukirudishwa na chuma kinachong'aa unaunguza jicho kabla hujapepesa. Mashine ya kweli hukaa ndani ya kibanda kilichofungwa. Miwani nyeusi ya Gikomba haisaidii kitu. Siku mtu atakapoleta leza ya bei ya chee, imefunguliwa vifuniko, akaiweka kwenye banda la mabati na kuwaita vijana, hapo tutahesabu vipofu.

Kwa hiyo sisemi serikali inunue leza iilete Isiolo kwenye lori lenye maputo. Tumeshaona vijana wakigawiwa mashine za kuchomelea na wilibaro, picha zikapigwa, na baada ya mwaka mashine ziko kwa wauza vyuma chakavu. Mashine bila oda ya kazi ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake. Leza ikija Isiolo bila oda itakata nini? Mageti.

Oda ndiyo mashine

Hapa ndipo ninapotaka tupigane. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, kifungu cha 157, inamtaka mzabuni wa kigeni apate angalau asilimia 40 ya vifaa vyake kutoka kwa wakandarasi raia. Soma tena: asilimia 40. Ni nyingi. Lakini kifungu hakisemi ni vifaa gani. Mchanga ni kifaa. Kokoto ni kifaa. Asilimia 40 inaweza kujazwa bila kijana mmoja kugusa mchoro wa boriti.

Madai yangu ni haya, na hayahitaji Katiba kubadilishwa. Kila tenda ya daraja la chuma au lenye boriti za chuma, kwenye LAPSSET na kwenye barabara kuu, iandike kwa kilo ni chuma kiasi gani kitakatwa, kitatobolewa na kuchomelewa ndani ya Kenya. Ianze kidogo kama ni lazima, ipande kila mkataba. Itaje mkaguzi ni nani. Na orodha iwekwe wazi: boriti hii ilikatwa wapi, kwa njia gani, ukingo ulipimwa na nani.

Oda hiyo ikiwa imeandikwa, na inajulikana ni ya miaka kumi, mashine itajileta yenyewe. Mwenye mtaji Nairobi atapiga hesabu. Benki itamsikiliza. Kampuni ya umeme itavuta laini kwa sababu kuna mteja. Chuo cha ufundi kitajua kifundishe nini. Na hapo ndipo Isiolo ina haki ya kusema yadi ije hapa, kwenye njia panda, badala ya boriti kukatwa Mombasa na kupita mbele ya milango yetu zikiwa na namba.

Kuna watakaonijibu kwamba madaraja mengi ya Kenya ni ya zege, na zege ni rahisi. Kweli, kwa mito mifupi. Lakini tazama mito ya huku. Laga huwa kavu miezi, halafu mvua inanyesha Laikipia au Marsabit ambako wewe hukuiona, na ukuta wa maji unashuka mchana wa jua. Ukiwa umesimamisha mbao na vyuma vya kushikilia zege katikati ya mto, vinakwenda. Boriti ya chuma unaiunganisha ukingoni na kuisukuma ivuke. Mvua za mwisho wa 2023 zilikata barabara kaskazini mashariki, Garissa ikakwama, malori yakapanga foleni. Siku kama hizo unahitaji daraja la kuunganishwa ndani ya wiki, na kipande kikiharibika unahitaji mtu wa kukikata hapa, si wa kukiagiza ng'ambo.

Mwingine atasema chuma chenyewe tunaagiza, kwa hiyo faida iko wapi. Kweli tena: viwanda vyetu vinatoa nondo, mabati, mabomba, na boriti nzito kwa kawaida huja kwa meli. Lakini boriti kubwa za madaraja mara nyingi ni mabamba matatu yaliyokatwa na kuchomelewa kuwa umbo la I. Bamba likija zima, ukataji, uchomeleaji, upimaji na rangi vinabaki hapa. Aliyeagiza unga bado anaweza kupika chapati mwenyewe.

Na wa mwisho atasema leza inaua kazi za mafundi wa gesi. Ndugu yangu, fundi wa Isiolo hajawahi kunyang'anywa kazi ya daraja na leza. Alinyang'anywa na meli. Hiyo kazi haikuwahi kumfikia ili aipoteze. Mpe nafasi ya kusimama kando ya mashine inayosoma faili la kompyuta, mkono wake unaojua chuma kinavyojikunja kikipata moto utakuwa na thamani kuliko cheti cha mtu ambaye hajawahi kuungua vidole.

Tunaambiwa kila siku vijana tujifunze kodi, tujifunze akili bandia, tufungue chaneli. Sawa. Hakuna anayetuambia kwamba kichwa cha leza pia kinaendeshwa na kodi, kwamba kuna programu inayochukua mchoro wa daraja na kuugeuza kuwa njia ya mwale, na kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na binti aliyemaliza diploma Meru na akarudi nyumbani Isiolo. Tunafundishwa kukata video. Tufundishwe na kukata chuma.

Siku ya mkasi

Daraja la Sigiri, kule Busia juu ya mto Nzoia, liliporomoka tarehe 26 Juni 2017 kabla halijakamilika. Wiki mbili hivi kabla, Rais alikuwa amelikagua na kamera zikiwepo. Silitaji kumlaumu leza wala fundi. Nalitaja kwa sababu ziara ya mkubwa haijawahi kupima ubora wa kitu chochote, na sisi wananchi tumezoea kuichukua kama ndiyo kipimo.

Daraja lijalo la kaskazini litakuwa na siku yake ya mkasi na utepe. Kutakuwa na hema, viti vya plastiki, kwaya ya shule na maji ya chupa. Ukiwa hapo, na simu yako mkononi, usirekodi mkasi tu. Nenda kwa mhandisi wa mamlaka ya barabara, kwa heshima zote, umuulize maswali matatu mbele ya watu. Chuma hiki kilikatwa wapi? Nani alipima kingo zake? Na tundu likihitaji kurekebishwa miaka mitano ijayo, fundi wa kuitwa yuko mji gani?

Akijibu Isiolo, mpigie makofi. Asipojibu, weka video hiyo mtandaoni, na utaje jina la daraja.